Bei ya Mkono wa Mshonaji



Songo Mnara na Kilwa Kisiwani viliingizwa pamoja katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Pale Kisiwani wachimbaji wa mambo ya kale walikuta vigae vya vyungu vilivyochongwa mviringo na kutobolewa katikati. Vilitiwa kwenye kijiti cha kusokotea uzi ili kukipa uzito. Chungu kikivunjika, kigae kilipata kazi mpya. Na nguo ilikuwa bidhaa ya pwani hii, wala si pumbao la jioni.

Twayakumbuka hayo tumwonapo mama anayeshona kofia za mkono barazani kwake, akaambiwa na jirani, “Nishonee na mimi, nitakupa soda.” Kofia ya namna hiyo huchukua majuma kadhaa. Kitambaa na uzi twaweza kumrudishia. Macho yake je? Twakiri kwamba nasi tumewahi kuomba bei ya kindugu, tena tukajiona wema.

Mke yule wa Mithali 31 huwanyoshea maskini mkono, lakini mavazi ya kitani huyatengeneza na kuyauza. Basi mama atakaye kuifanya sindano yake riziki aandike daftarini gharama ya kitambaa, ya uzi, na siku alizoketi, ndipo ataje bei. Aanze na kofia tatu; asikopee cherehani kabla ya kupata wanunuzi. Nasi tulio ndugu zake tuwe wa kwanza kununua, na tulipe taslimu.