Daftari za Meli Zisifichwe

Karatu iko mbali na bahari, lakini mwalimu wa Karatu akihamishiwa Ukara au akisafiri kwenda Pemba, roho yake huwa mikononi mwa nahodha. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa kubeba abiria 101, kilipinduka karibu na Ukara. Watu zaidi ya 200 walikufa. Kivuko hicho kilikuwa mali ya Serikali.

Rambirambi hazielezi nani aliruhusu abiria kupita kiasi. Huelezwa na shahidi aliyehojiwa na daftari lililokabidhiwa. Kwa hiyo, hapana budi mchunguzi wa vyombo vya majini awe na uwezo wa kumwita nahodha, mkata tiketi na ofisa wa Serikali pia. Mtumishi anayeficha jalada anaandaa msiba mwingine.