Ghala Lenye Sumu Ndani



Sisi wa Mbulumbulu tuko mbali na bahari, lakini biashara ya kaboni si ngeni kwetu. Majirani zetu Wahadzabe wa bonde la Yaeda hulipwa kwa kuutunza msitu wao, na ni haki yao. Mwaka 2022 serikali ilitoa kanuni za biashara hiyo, na mikoko ya pwani, kama ile ya delta ya Rufiji, nayo huhesabiwa kuwa ghala la kaboni.

Hapo ndipo ninapotia neno. Ghala haliulizwi tu limejaa kiasi gani, bali limejaa nini. Mikoko huzika kaboni katika tope lisilo na hewa, na tope hilo hilo hunasa zebaki iletwayo na mito na upepo. Humo vijidudu huigeuza kuwa sumu kali zaidi, inayoingia katika samaki, na kutoka kwa mama aliyewala hadi kwenye ubongo wa mtoto aliye tumboni. Huko Minamata, Japani, maradhi hayo yalitambuliwa mwaka 1956. Tena mikoko ikikatwa na tope likifumuliwa, kaboni na zebaki hutoka pamoja.

Duniani, hakuna shughuli ya binadamu inayotoa zebaki nyingi hewani kuliko uchimbaji mdogo wa dhahabu, kama ule wa Geita na Chunya. Wapo wasemao: mchimbaji ni maskini, tusimguse. Ni maskini kweli, ndiyo maana yeye ndiye wa kwanza kuuvuta mvuke huo. Kumwachia sumu si huruma. Apewe vifaa vya kunasa mvuke, na njia ya kusafisha dhahabu bila zebaki. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020. Ahadi hiyo itimizwe machimboni, si mezani.

Na anayetaka kuuza kaboni ya mikoko apime kwanza zebaki katika tope na samaki, kisha awaambie wavuvi alichokiona. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Baba Mtakatifu Fransisko, katika Laudato Si' ya mwaka 2015, alionya kwamba biashara ya namna hii yaweza kugeuka ulanguzi tu.

Nanyi mnaojiandaa kwa ndoa, mnaponunua pete ya dhahabu, muulizeni sonara imetoka wapi. Asipojua, muulizeni kwa nini hajui.

Mungu awabariki.