Usiniulize Kitabu Kimenifunza Nini

Kuna swali moja linaloua vitabu katika nchi hii, na tunaliuliza kwa nia njema kabisa: "Umejifunza nini?" Jirani kwenye matatu akikuona na riwaya, swali ni hilo. Shangazi akisikia unapenda kusoma, swali ni hilo. Ati kitabu ni kama duka, ukitoka mikono mitupu umepoteza muda.

Tuliambukizwa shuleni. Karatasi ya tatu ya Kiswahili kwenye KCSE ina alama 80, na kwa ajili ya hizo alama tulifundishwa kuchinja kitabu: maudhui huku, wahusika kule, mbinu za lugha pembeni. Wenye haraka walisoma mwongozo, riwaya yenyewe hawakuigusa. Na walipita, bana! Mtihani unaoweza kuupita bila kufungua kitabu unapima nini hasa?

Chukua Kidagaa Kimemwozea cha Ken Walibora (2012). Kijana Amani anaandika mswada, Mwalimu Majisifu anauiba na kuuchapisha kwa jina lake. Darasani hiyo ilikuwa hoja moja, mfano mmoja, tiki. Siku hizi naishi kwa kuandika. Kuna tovuti iliwahi kuchukua makala yangu, ikabadilisha aya mbili na kuweka jina la mtu mwingine juu. Usiku huo nilimrudia Amani. Sikujifunza chochote, maana kwamba wizi ni mbaya nilikuwa najua. Nilipata mtu wa kukaa naye. Hiyo utaijibu chini ya swali la ngapi?

Tukimaliza shule tunabadilisha mwongozo tu. Pita kwa wale wauzaji wa inama, wanaotandaza vitabu chini kando ya barabara, utaona Rich Dad Poor Dad na The 48 Laws of Power vimekaa mstari wa mbele. Nilipoacha chuo, hicho cha kwanza ndicho nilichopewa kama dawa: "Si unaona, huyo baba tajiri hakumaliza hata darasa la nane!" Nimekisoma, mpaka mwisho. Robert Kiyosaki anasema mali ni kile kinachokutia pesa mfukoni, na mzigo ni kile kinachozitoa. Sawa. Kwa hesabu hiyo, mdogo wangu ninayemlipia karo ni mzigo. Nilikasirika, na hiyo hasira ndiyo kitu cha maana nilichotoka nacho. Sikatazi mtu kukisoma. Nakataa kukisoma kichwa kikiwa kimeinama, kama tuko ibadani.

Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971) ilinikasirisha kwa njia nyingine. Zakaria anampiga bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana, nikamchukia hapo hapo. Lakini kadiri nilivyoendelea, hasira ikamhamia mwandishi mwenyewe. Mbona Rosa ndiye alipe deni la kila mtu? Ukiniuliza riwaya inafunza nini, nitakupa jibu la mwongozo: malezi makali hayafai. Ni jibu sahihi, na halijagusa ugomvi wangu na Kezilahabi, ambao haujaisha. Kisha nikachukua Nagona (1990), yake pia. Nimeisoma mara mbili na sehemu kubwa sijaielewa. Ni kama kumsikiliza mtu akiota kwa sauti. Naipenda hivyo hivyo, na sioni haya.

Najua walimu watasema mtoto lazima apite, na fasihi ina ujumbe. Ni kweli. Mwalimu mwenye darasa la wanafunzi 60 hana nafasi ya kumuuliza kila mmoja aliumia wapi. Lakini ujumbe uliopokelewa kabla hujasoma ni tangazo. Na aliyezoea kusubiri mwongozo wa riwaya atasubiri mwongozo wa manifesto, wa mahubiri, wa mkataba wa kazi. Atauliza "jibu ni gani?" kabla ya kuuliza "nani ameandika hii, na anataka nini kwangu?"

Tunaweza kusoma tofauti, tumeshafanya. Mwaka 2024 vijana waliushika Mswada wa Fedha, hati kavu isiyo na mhusika hata mmoja, wakausoma wenyewe na kufafanuliana. Waliona VAT ya asilimia 16 kwenye mkate na hawakungoja mtu awaambie maudhui. Walisoma kama watu wanaoguswa na kilichoandikwa.

Riwaya nayo inastahili msomaji wa aina hiyo. Kwa hivyo ukinikuta na kitabu, niulize kimenikera wapi. Niulize ni nani nilitaka kumpiga kofi, ni ukurasa upi nilirudia, ni wapi nilikitupa kitandani nikaenda kupika chai. Hapo tutaongea mpaka stima ipotee. Lakini ukitaka mafunzo, miongozo bado inauzwa.