Daftari Lenye Siku ya Kufa

Jumatatu moja ya masika nilisimama kwenye foleni ya ofisi moja mjini Tanga tangu saa mbili asubuhi. Mbele yangu alikuwa bibi aliyetoka Pangani kwa gari la alfajiri, amekumbatia bahasha ya karatasi zake. Ilipotimu saa nne, kijana wa dirishani alitoa kichwa akatangaza kwa adabu: “Wazazi wangu, tuwieni radhi, mfumo uko chini.” Bibi akamuuliza: “Sasa utapanda lini, mwanangu?” Watu walicheka. Kijana hakucheka, kwa kuwa hakuwa na jibu. Saa nane mchana bibi alirejea Pangani na bahasha yake vilevile, nauli ya kuja na kurudi imekwenda bure.

Nimekaa na swali la bibi yule kwa muda mrefu. Tumezoea kutamka “mfumo uko chini” kama tunavyosema mvua inanyesha au maji yamejaa. Ni sentensi isiyo na mtenda. Hakuna aliyeangusha na hakuna aliyepaswa kushikilia. Hata hivyo, mifumo mingi inayoanguka hutanguliwa na habari za kuanguka kwake. Habari hizo hutolewa hadharani, bila malipo, wiki au miezi kabla, na pengine miaka. Hoja yangu leo ni kwamba kuzifuatilia habari hizo ni kazi ya utawala bora, na kwamba tumeiacha mikononi mwa vijana wachache ambao hatujawapa muda, mamlaka wala lugha ya kuifanya.

Mji huu unazijua kazi za ukarani kuliko miji mingi ya pwani. Shule ya serikali iliyofunguliwa hapa na Wajerumani katika miaka ya 1890 ililea makarani na walimu waliosambaa katika koloni zima, na gazeti la Kiongozi lililochapwa hapa hapa mwanzoni mwa karne ya 20 liliwafikishia habari kwa Kiswahili. Nia ya mkoloni ilikuwa kuimarisha utawala wake, hilo halina ubishi. Lakini alilifahamu jambo moja tunalolisahau: karani asiyepata habari kwa lugha anayoimudu ni hasara kwa ofisi. Shaaban Robert mwenyewe, kabla jina lake halijawa jina la vitabu, alikuwa karani wa forodha katika pwani hii, kazi aliyoianza mwaka 1926.

Daftari la karani wa zama zile lilikuwa na maadui wachache: mchwa, moto, maji na mkono mwizi. Wino ukishakauka, daftari halikumdai kitu. Daftari la leo, hiyo tunayoiita kanzidata, lina tabia nyingine. Huzaliwa likiwa na siku ya kufa. Kanzidata ya PostgreSQL, inayotumiwa bure duniani kote, huhudumiwa miaka mitano kwa kila toleo kuu, kisha waundaji wake huacha kuliziba matundu. Toleo la 12 lilifikia ukomo Novemba 2024. MySQL 5.7, ambalo limebeba tovuti na mifumo midogo isiyohesabika, lilifikia ukomo wake Oktoba 2023. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta haizimiki siku hiyo. Huendelea kuwaka kama kawaida, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu mkuu wa ofisi huiona inawaka akadhani i salama.

Wakati mwingine siku ya kufa husogezwa mbele. Seva nyingi zisizo na bajeti ya leseni zilikuwa zikitegemea CentOS, programu endeshi ya bure. Toleo lake la 8 lilitarajiwa kuhudumiwa hadi mwaka 2029. Desemba 2020 kampuni ya Red Hat ikatangaza kwamba huduma hiyo ingekoma mwisho wa mwaka 2021. Aliyeisikia habari alikuwa na mwaka mzima wa kuhama taratibu. Ambaye hakuisikia aliendelea kujenga juu ya ardhi iliyokwisha kuuzwa.

Msomaji atasema haya ni mambo ya mafundi. Nami nitamkumbusha LUKU. Mita za umeme wa malipo ya kabla hufuata kanuni ya kimataifa iliyoanzia Afrika Kusini, ambamo kila tokeni hubeba alama ya muda, hesabu ya dakika kuanzia tarehe 1 Januari 1993. Nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo inatosha dakika milioni 16.7 hivi, ambazo ni karibu miaka 32. Zilikuwa zinaisha tarehe 24 Novemba 2024. Mita ambayo isingeboreshwa kabla ya siku hiyo isingepokea tena tokeni mpya. Ndiyo maana mwaka 2024 tuliletewa makundi matatu ya tarakimu 20 pale tulipozoea kupata moja, na kila nyumba, kutoka Ngamiani hadi Chumbageni, ikawa na mtu aliyeinama mbele ya mita akibonyeza namba huku mwingine akimsomea kutoka kwenye simu. Wengi walinung'unika. Lakini usiku wa tarehe 24 ulipita na taa ziliendelea kununulika.

Tulilolifanya siku zile, bila kujua, lilikuwa usimamizi wa mifumo. Mtu fulani alifuatilia tarehe, akaipandisha kwa wakubwa, wakubwa wakatenga muda na fedha, wananchi wakaelezwa kwa Kiswahili wanachopaswa kufanya. Kinyume chake tumekiona pia. Mei 2021 ununuzi wa umeme wa LUKU ulikwama nchini, na watu wakajipanga kwenye ofisi za TANESCO mchana kutwa. Nchi ile ile, huduma ile ile. Tofauti kwa mwananchi ni kwamba mara moja alitangulizwa, na mara nyingine alishtukizwa.

Kwa hospitali gharama ni kubwa zaidi. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu hatari katika Windows. Tarehe 12 Mei, siku 59 baadaye, kirusi kilichoitwa WannaCry kilipita katika tundu hilo hilo na kufunga kompyuta katika nchi nyingi. Uingereza, ambayo hatuihesabu miongoni mwa maskini, ililazimika kuahirisha miadi ya maelfu ya wagonjwa. Dawa ilikuwa dukani kwa siku 59. Nikifikiria hospitali zetu, zenye majalada ya wagonjwa, malipo na vipimo ndani ya mashine, naogopa kuuliza kiraka kinachotoka leo kitazikuta seva za wilayani baada ya siku ngapi.

Nilimpigia simu kijana mmoja niliyemfundisha, ambaye sasa ni afisa TEHAMA katika taasisi moja ya mkoa huu. Nilimuuliza anafuatilia vipi habari za kanzidata anayoisimamia. Akacheka. “Mwalimu, leo nimefunga projekta kwenye vikao viwili, nimetoa karatasi zilizokwama kwenye printa, na nimemtengenezea bosi simu yake. Hizo habari nazisoma usiku, kwa bando langu.” Nikamuuliza: na ukikuta kuna kiraka cha lazima? “Naandika dokezo kuomba kuzima mfumo saa mbili. Dokezo linarudi na swali moja: una tatizo gani? Nikisema halijatokea, naambiwa nisubiri litokee.”

Katika jibu hilo kuna maradhi yote matatu. Muda wake umeliwa na kazi zisizo zake. Maarifa anayotafuta hugharimia mwenyewe. Na hata akijua, hana mamlaka ya kutenda. Mtu wa namna hii mfumo ukianguka ndiye wa kwanza kuandikiwa barua ya kujieleza.

Kuna pingamizi mbili ninazoziheshimu. Ya kwanza husema masasisho yenyewe huvunja. Ni kweli. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho moja bovu la kampuni ya ulinzi wa kompyuta ya CrowdStrike liliangusha mashine takriban milioni 8.5 za Windows, na viwanja vya ndege vikageuka kambi. Lakini tukio hilo halifundishi kuacha kusasisha. Linafundisha kujaribu kwanza kwenye mashine moja kabla ya kugusa mia, na kuwa na nakala rudufu iliyokwisha kujaribiwa. Nasisitiza iliyojaribiwa. Januari 2017 mhandisi wa GitLab alifuta kwa bahati mbaya kanzidata iliyokuwa ikitumika. Walikuwa na njia tano za kuhifadhi na kunakili data, na hakuna iliyofanya kazi ilivyotarajiwa. Waliokolewa na nakala iliyochukuliwa saa sita kabla kwa sababu nyingine. Nao ni watu ambao kompyuta ndiyo biashara yao.

Pingamizi ya pili husema mifumo mikubwa ya serikali huendeshwa kutoka makao makuu, kwa hiyo Tanga hatuna la kufuatilia. Ni kweli kwamba Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 iliipa Mamlaka ya Serikali Mtandao jukumu la kusimamia mifumo hii, na kuiweka pamoja kuna faida zake. Lakini kompyuta ya dirishani iko hapa. Seva ndogo ya shule, ya chama cha ushirika, ya kampuni ya wakala wa forodha bandarini, ya hoteli kule Ushongo, zote ziko hapa. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, humtaka kila anayekusanya taarifa za watu azilinde. Haikumsamehe aliye mbali na Dodoma.

Nini kifanyike? Sitaki kupendekeza mradi wa mabilioni, kwa sababu mradi wa mabilioni huanza na semina na kuishia na fulana. Napendekeza mambo manne ambayo mkuu wa taasisi anaweza kuyaanza wiki hii.

Kwanza, awe na ukurasa mmoja unaoorodhesha kila programu muhimu, toleo lake na tarehe ya ukomo wake, na ukurasa huo usomwe kwenye kikao cha menejimenti kila robo mwaka, kama usomwavyo mchanganuo wa fedha. Pili, afisa TEHAMA apewe saa mbili kwa wiki za kusoma, zilizoandikwa kwenye majukumu yake, na bando la ofisi. Kalenda inajulikana: Microsoft hutoa viraka kila Jumanne ya pili ya mwezi, Oracle hutoa vyake vikuu kila robo mwaka. Tatu, kuwe na saa za matengenezo zilizoidhinishwa mapema kwa mwaka mzima na kutangazwa kwa wananchi, ili kijana asiombe ruhusa ya kuzuia ajali kila mara kama anayeomba fadhila. Nne, nakala rudufu irejeshwe kwa majaribio angalau mara mbili kwa mwaka, mbele ya mkaguzi wa ndani.

La tano linatuhusu sisi wa vyuo. Kitengo cha TZ-CERT, kilicho chini ya TCRA, hutoa tahadhari za usalama wa mitandao, na tunakishukuru. Lakini habari za matoleo, ukomo na viraka kwa Kiswahili kinachoeleweka na mhasibu, muuguzi mkuu na mkuu wa shule bado ni adimu. Wao ndio wanaosaini dokezo. Afisa anayesoma Kiingereza cha kitaalamu hawezi kumshawishi bosi kwa istilahi ambazo bosi anaona haya kuuliza maana yake. Idara zetu za kompyuta na za Kiswahili zikikaa pamoja, zinaweza kutoa jarida la kurasa mbili kila mwezi: nini kimetoka, nani kinamhusu, afanye nini, akichelewa itakuwaje. Mji uliowahi kuwaandalia makarani gazeti haupaswi kushindwa kurasa mbili.

Nahodha wa jahazi hapa kwetu hauzuii upepo wa kusi. Anajua tu unapoanza, na anajua asiwe wapi siku hiyo. Wasimamizi wa mifumo yetu nao hawawezi kuzuia kila tundu lisigunduliwe California au Bangalore. Wanachohitaji ni kuruhusiwa kujua mapema na kutenda mapema.

Bibi wa Pangani aliuliza mfumo utapanda lini. Siku taasisi zetu zitakapoweza kumjibu kwa tarehe na saa, au kumpigia simu jana yake asipande gari la alfajiri, nitaamini kwamba serikali mtandao imefika pwani ya kaskazini.