NANI HAJAACHISHWA ZIWA?

Wahenga walinena kuwa hujafa hujaumbika. Methali hii huwa tunaitumia kumwonya mtu anayemcheka mwenzake. Leo, mpenzi msomaji, nataka kuitumia kwa binadamu wote kwa jumla, maana nimetambua kwamba kuumbika kwetu hakujakoma.

Kisa chenyewe kilitokea siku ya michezo, muhula wa pili mwaka jana. Tuligawiwa maziwa, kila mwanafunzi pakiti ya nusu lita. Rafiki yangu mmoja, ambaye sitamtaja jina, alitaka kumpa mwenzake pakiti yake. Tukamzomea. "Mwanamume gani anayeogopa maziwa?" Kwa kuona haya, akayanywa yote kwa mkupuo mmoja. Lo! Usiku huo hakulala. Safari zake za chooni zilihesabiwa kwa sauti bweni zima, na kulipopambazuka alikuwa amekwisha kubatizwa jina la Pakiti. Mimi niliyelelewa kando ya zizi la ng'ombe ndiye niliyecheka kuliko wote. Nikamwambia, "Wewe bado mtoto, tumbo lako halijakomaa."

Mwalimu wetu wa Baiolojia alipata habari. Hakunichapa wala hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Kati yako na yeye, ni nani mtoto?" Kisha akanituma maktabani. Niliyoyasoma huko ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Jameni, karibu kila mamalia huzaliwa akiwa na kimeng'enya kiitwacho laktasi. Kazi yake ni kuivunja sukari ya maziwa, yaani laktosi, ili mwili uitumie. Mtoto akishaachishwa ziwa, mwili huanza kupunguza kimeng'enya hicho, kama mwenye duka anayefunga duka wateja wakihama. Ndivyo ilivyo kwa ng'ombe, mbwa na hata nyani. Ndivyo ilivyo pia kwa takriban theluthi mbili ya watu wazima duniani. Wakinywa maziwa mabichi mengi, sukari ile hufika kwenye utumbo mpana bila kuvunjwa. Huko bakteria huichachusha, hewa ikajaa, maji yakavutwa utumboni, na mtu akahara. Huo si uoga wala kujidai. Ni mwili uliokua kama miili ya mamalia wengine inavyokua.

Basi sisi tunaokunywa bila shida tumekuwaje? Mnamo mwaka 2007, Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha utafiti waliowafanyia watu wa Kenya, Tanzania na Sudan. Waligundua mabadiliko madogo katika jeni ambayo huzuia duka lile lisifungwe. Ni kama swichi ya taa iliyokwama ikawaka daima. Badiliko lililoenea zaidi Kenya na Tanzania si lile la Wazungu. Lilizuka lenyewe huku kwetu, na walikadiria kuwa lilianza kati ya miaka 2,700 na 6,800 iliyopita. Huo ni wakati ambapo ufugaji ulikuwa ukienea katika sehemu zetu. Yamkini aliyeweza kunywa maziwa wakati wa ukame alipata chakula na maji kwa pamoja, wanawe wakapona wengi, nao wakarithi swichi hiyo.

Kwa hivyo mwalimu alikuwa na haki ya kuuliza. Kama kuna utoto hapa, ni mimi niliyeubakiza! Mimi ndiye ambaye mwili wake haujaachishwa ziwa mpaka leo, na Pakiti ndiye aliyekomaa.

Hapa ndipo ninapotofautiana na ile picha maarufu ya vitabuni, inayoanza na nyani aliyeinama na kuishia na mtu aliyesimama wima, kana kwamba safari ilikwisha. Hata katika mageuzi makubwa ya kale, jambo muhimu mara nyingi lilikuwa saa ya kukua. Chukua yule Mvulana wa Turkana, ambaye Kamoya Kimeu aligundua mabaki yake huko Nariokotome mwaka 1984. Aliishi yapata miaka milioni 1.5 iliyopita. Mwili wake ulikuwa mkubwa kama wa kijana wa kidato cha kwanza, lakini meno yake yanaonyesha kuwa alikufa akiwa na miaka minane hivi. Yaani alikuwa akikua haraka kuliko sisi. Baadaye saa hiyo ilipungua mwendo, ndipo binadamu akapata utoto mrefu wa kujifunza. Na katika jambo la maziwa, saa ilicheleweshwa tena, juzi tu ukilinganisha na mamilioni hayo.

Najua wapo watakaoniuliza, "Je, basi wenye swichi wameendelea kuliko wengine?" La, hasha! Mageuzi si ngazi. Kilichofaa kwenye ukame wa wafugaji hakikuhitajika kwa mvuvi au mkulima. Tena msikimbilie kugawanya watu kwa makabila, kwani katika kila jamii wamo wanaoweza na wasioweza. Na hata kabla ya sayansi, akina nyanya zetu walikuwa na dawa. Maziwa yakigandishwa kwenye kibuyu, bakteria hula sehemu ya sukari ile, na tumbo likapata nafuu. Rafiki yangu hunywa mala bila kulalamika!

Maoni yangu ni haya. Kwanza, jikoni kuwe na chai ya rangi kwa anayeitaka, na siku ya maziwa kuwe na mala pia. Pili, mwanafunzi akisema maziwa yanamsumbua, aaminiwe. Tatu, jina la Pakiti likome. Mimi nimekwisha kumwomba radhi. Alicheka, akanisamehe, lakini akaniambia kwamba tangu siku ile huogopa kula mbele ya watu. Maneno hayo yaliniuma kuliko fimbo.

Wenzangu, tukimcheka mtu kwa namna mwili wake ulivyo, tujue tunacheka historia ndefu tuliyonayo sote. Hujafa hujaumbika, nasi wanadamu tungali hai.