Swali Lisilosomwa Halilindi Kitu

Kwa muda mrefu watengenezaji wa programu za kompyuta wameamini kwamba mtu akitaka kutenda jambo la hatari, yatosha kumwuliza: "Je, una hakika?" Imani hiyo, kwa maoni yangu, yafaa kuchunguzwa upya.

Mfumo wa Unix, ulioanza kubuniwa mwaka 1969 katika maabara za Bell huko Marekani, huendeshwa kwa amri zinazoandikwa. Amri yake ya kufuta mafaili, rm, kwa kawaida haiulizi neno. Anayetaka kuulizwa huongeza alama ya -i, na hapo mashine humwuliza juu ya kila faili.

Mwanafunzi wangu mmoja wa shahada ya uzamili aliifuata njia hiyo ya usalama. Alikuwa akiondoa mamia ya mafaili ya muda, naye akajibu "ndiyo" kila alipoulizwa. Miongoni mwake lilikuwamo faili la vipimo vya mvua vya miaka miwili. Aliulizwa, akajibu, likapotea. Mazoea yana taabu: swali la mia moja halisomwi tena; kidole hulijibu kabla ya akili.

Wala kutouliza si dawa. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa kampuni ya GitLab alidhani anafuta data katika seva ya akiba, kumbe yumo katika seva kuu. Kati ya gigabaiti zipatazo 300 zilibaki 4.5, na data za takriban saa sita hazikurudi kamwe. Swali la "Una hakika?" lisingemfaa, kwani hakika alikuwa nayo, alichokosa ni kujua yuko wapi.

Basi swali na liwe adimu, tena liseme jambo: ni mafaili mangapi, na ya mashine ipi. Pale ambapo hasara haitarekebishika, mtumiaji na aandike mwenyewe jina la kitu anachokifuta. Lililo bora zaidi ni kukiweka kando kilichofutwa kwa siku kadhaa, ili anayejuta apate pa kurudi.

Sisi tunaofundisha vyuoni hupima iwapo programu ya mwanafunzi yatoa jibu sahihi; ni nadra kupima inavyomtendea mtu aliyechoka, saa nane za usiku. Napendekeza kipimo hicho nacho kiingizwe katika mitihani yetu ya vitendo.