"Okei" ya bibi si "nimekubali"

Kwa miaka tisa niliandika mihutasari ya mikutano ya kijiji chetu, pwani ile ya kutoka Msimbati kuteremkia mdomo wa Ruvuma. Nilijaza kaunta buku tatu. Katika yote niliyoandika humo, sentensi moja ya maneno mawili hainipi usingizi: "Wanawake wameafiki."

Siku hiyo tulipata wageni wa mradi mmoja. Walitaka kipande cha ufuo, pale inapopita njia ya wanawake kwenda mwambani kuchokoa pweza maji ya bamvua yakikupwa. Aliyewaongoza alikuwa kijana mwenye adabu. Alisimama juani saa nzima akieleza, kisha akauliza: "Kwa hiyo akina mama, hamna pingamizi?" Bibi mmoja aliyekaa mkekani mbele kabisa akaitikia: "Okei, mwanangu." Nyuma yake zikafuata sauti nyingine, okei, haya, haya. Nikainama nikaandika.

Baada ya miezi mitatu nguzo za saruji zilisimama na seng'enge ikavutwa. Bibi akaja kwangu alfajiri, ndoo tupu kichwani, chuma chake cha kuchokolea mkononi. Nikamwamkia, naye akaiacha shikamoo yangu hewani.

"Nani alikubali?" akaniuliza.

"Bibi, si ulisema okei?"

"Nilimwambia okei ajue nimemsikia. Mtoto wa watu kasema saa nzima juani, nimnyamazie?"

Sikuwa na jibu, na nimelifikiria jambo hili tangu siku ile. Naliandika sasa kwa sababu mikutano ya namna ile bado inaitishwa pwani yetu kila mwaka, na makarani bado wanainama kuandika.

Neno lenyewe limetoka mbali. Lilichapwa mara ya kwanza katika gazeti moja la mji wa Boston, Marekani, tarehe 23 Machi 1839, likiwa utani wa wahariri waliopenda kufupisha maneno kwa herufi za makosa: "yote sahihi" kwa Kiingereza kilichoandikwa ovyo, herufi O na K. Mwaka uliofuata wafuasi wa Rais Martin Van Buren, mzaliwa wa Kinderhook, wakalitumia katika kampeni kwa sababu herufi zililingana na jina lake la utani. Utani ungeweza kufia hapo. Lakini wapiga telegramu walilichukua kwa kazi moja: ujumbe ukifika salama, wa upande wa pili anajibu O, K. Maana yake umefika. Aliyepokea hakuwa ameulizwa kama anaupenda.

Bibi yule wa mkekani hakuwahi kuiona mashine ya telegramu, lakini okei yake ilikuwa ileile.

Sikiliza mjini Mtwara, utaona neno hili linavyofanya kazi nyingi bila kumaanisha ridhaa. Msimu wa korosho, lori likirudi nyuma kuingia ghalani, utingo yuko chini anapiga bodi kwa kiganja: okei, okei, okei, njoo, okei. Anamwambia dereva aendelee, basi. Kule Kilambo, mwenye mtumbwi anayevusha watu kwenda Msumbiji akisema okei, anamaanisha mmeenea, tuondoke. Mwanangu aliye chuoni nikimtumia ujumbe mrefu wa nasaha ananijibu herufi mbili, nami najua ameusoma. Kama ataufuata ni habari nyingine.

Na sisi tulikuwa na ngazi zetu za kuitikia kabla okei haijaingia vinywani. Naam ni jibu la aliyeitwa: nipo, sema. Haya ni neno la kumaliza mazungumzo, na ukilisikia limekatwa fupi, ujue aliyelitamka amechoka nawe. Sawa kwa asili yake ni usawa, kitu kimelingana, lakini siku hizi tunaitupa hata pale ambapo hakuna kilicholingana. Ewaa ndiyo furaha yenyewe, hutoka bila kuombwa. Inshallah inamwachia Mungu, na mara nyingi inamwachia pia aombaye nafasi ya kuondoka bila kuaibika. Mtu wa pwani anazisikia tofauti hizi kama anavyosikia upepo umegeuka. Karani akiziandika zote "wameafiki" amezifuta.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa katika swali. "Hamna pingamizi?" Kwa Kiswahili, ukimuuliza mtu "Hujala?" akajibu "Ndiyo", amekwambia kweli hajala. Basi ukiuliza "Hamna pingamizi?", ndiyo ni hatuna, okei ni hatuna, kimya nacho kinahesabiwa hatuna. Anayepinga inambidi asimame peke yake, mbele ya mgeni, mwenyekiti na shemeji zake, aanze na neno "hapana". Bibi wa miaka sabini aliyelelewa asimwaibishe mgeni hawezi kulisema neno hilo kirahisi hivyo, na kijana yule hakuwa amemwachia mlango mwingine.

Wala tusidanganyane kwamba watu wa kusini hawajui kukataa. Nendeni kwenye minada ya korosho. Bei za wanunuzi zinasomwa mbele ya wakulima, kisha wanaulizwa wazi: mnauza au hamuuzi? Oktoba 2018 bei zilizosomwa zilikuwa chini ya shilingi 3,000 kwa kilo, na wakulima wa Tandahimba na Newala wakasema hatuuzi. Hawakumtukana mtu. Walikuwa wameulizwa swali lenye miguu miwili, wakasimamia mmoja. Novemba yake Rais Magufuli akatangaza serikali itanunua korosho yote kwa 3,300. Mengi yalifuata, na malipo yale yana hadithi yake, lakini jibu la mnadani lilisikika hadi Ikulu kwa sababu swali liliruhusu lisikike.

Gesi ndiyo inayoniumiza. Ilipatikana Mnazi Bay mwaka 1982, na siku hizi inasafishwa Madimba, jirani nasi kabisa. Desemba 2012 watu wa Mtwara waliandamana kupinga bomba la kwenda Dar es Salaam, na Mei 2013 mji ukawaka moto, watu wakafa. Siku zile nilisikia watu wa mbali wakishangaa redioni na mitaani: hawa si wapole, si walikuwa wameshaelewana na serikali? Nikakumbuka kaunta buku zangu. Ni haya ngapi na okei ngapi zilikuwa zimeandikwa makubaliano, katika vijiji vingapi, na makarani kama mimi?

Nasema haya kwa halmashauri zetu, kwa kampuni na kwa mashirika yanayokuja na miradi ya bahari. Sheria ya serikali za mitaa inamfanya kila mkazi aliyetimiza miaka 18 kuwa mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji. Mjumbe ana haki ya kuulizwa kama mjumbe. Ulizeni kwanza nani anakataa, na mngoje, hata kimya kikiwa kirefu. Wanawake waulizwe peke yao kwanza, kabla waume zao hawajasema. Maneno yaandikwe yalivyotamkwa. Kama ni haya, iandikwe haya. Muhtasari usomwe kwa sauti hapohapo kabla mikeka haijakunjwa, si kupelekwa wilayani ukiwa umebandikwa karatasi ya mahudhurio kama kwamba kuhudhuria ni kuridhia.

Mwaka wangu wa mwisho wa ukarani ulikuja mradi mwingine, nao ulitaka ufuo. Nilimwomba mwenyekiti aanze na swali nililomwandikia kwenye kipande cha karatasi: "Asiyetaka anyooshe mkono." Pakawa kimya. Kuku akapita katikati ya mkutano, mtoto akalia akanyamazishwa. Mgeni akatazama saa yake, mwenyekiti akanitazama mimi, nami nikatikisa kichwa: bado. Kisha pale mkekani mbele ukanyooka mkono mmoja mwembamba, wenye makovu ya miamba. Ukafuata wa jirani yake. Nilihesabu mara mbili nisikosee, nikaandika: wanawake kumi na wanne hawataki.